Mabibi Watatu Walioingia Bainia

Aliye na mtoto mapajani amshike vizuri, kwa maana safari hii ina kucheka ndani yake, na mtoto akidondoka itabidi tuanze upya.

Alikuwapo bibi mmoja aitwaye Nakijwa, msuka vikapu, mjane, mwenye kuku saba na mbuzi mmoja mkaidi. Mjukuu wake Siael, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa amehamia nchi ya Bainia pamoja na baba yake, Mbonea, aliyepata huko kazi ya kutengeneza madirisha. Kila mwezi Siael alimwandikia bibi yake barua ya kurasa nane, na pembezoni mwa karatasi akajaza mambo aliyosahau kuyasema katikati. Alieleza alivyowasimulia watoto wa jirani kisa cha fisi mpaka uji wao ukapoa, na kwamba akikua anataka kazi moja tu, kufundisha watoto wadogo. Kisha siku moja ikaja barua ya mstari mmoja.

"Bibi, shikamoo. Mimi ni Mtungi. Siael."

Bibi Nakijwa aliigeuza karatasi akatazama nyuma. Akachungulia ndani ya bahasha. Akaitikisa. Halafu akamwachia jirani kuku na mbuzi, akafunga mzigo.

Namna alivyosafiri haina haja ya kuelezwa. Alipanda, akashuka, miguu ikavimba, akafika.

Bainia ina malango matatu, moja ndani ya jingine, na kila lango lina karani wake na kitabu chake. Hakuna mtu mzima anayepita bila kupimwa tabia. Maswali ni arobaini, jibu ni ndiyo au hapana, na mwishoni karani hujumlisha na kukufunga utepe begani. Aina za watu ni nne, wala hakuna ya tano. Ngoma ni wachangamfu na wasemaji. Mtungi ni wakimya. Jembe ni wachapakazi wasio na machozi. Mkeka ni wapole, wa kila mtu kukalia.

Karani wa lango la kwanza alikuwa kijana mwenye sauti nzuri. "Ukiingia chumba chenye watu kumi, unafurahi?"

"Inategemea ni watu gani, mwanangu."

"Ndiyo au hapana, Bibi."

"Shemeji yangu Elirehema yumo?"

Karani alitazama karatasi yake mbele na nyuma. "Haijaandikwa."

"Basi ndiyo."

Siku hiyo Bibi Nakijwa alikuwa ameshiba na hewa ilikuwa ya ubaridi mtamu, kwa hiyo alifurahia kila alichoulizwa. Akafungwa utepe mwekundu: Ngoma. Alipofika lango la pili jua lilikuwa la utosi, viatu vimembana, na karani akamuuliza kama anapenda mikusanyiko. Bibi alisema kwa sasa anapenda kiti. Maswali yote arobaini akajibu hapana, akafungwa utepe wa bluu: Mtungi.

Lango la tatu lilikuwa na karani wa kike, Bi Staha, aliyevaa utepe wa kijivu wa Jembe. Kabla ya swali lolote alimpa Bibi kikombe cha chai, na alipoona kinatoa moshi, akakichukua tena akakimimina kutoka kikombe hadi kikombe mpaka kikapoa. Bibi Nakijwa aliliona hilo akaliweka moyoni. Na kwa kuwa binti alikuwa mwema kiasi hicho, Bibi akamjibu kila swali kwa namna aliyodhani itamfurahisha. Akafungwa utepe wa kijani: Mkeka.

Ndipo Bi Staha alipolinganisha kitabu chake na vya wenzake, akainua macho. "Wenzako wawili wako nyuma?"

"Wenzangu gani, mama?"

"Lango la kwanza ameingia Bibi Nakijwa, Ngoma. Lango la pili ameingia Bibi Nakijwa, Mtungi. Na wewe ni Mkeka."

"Wote ni mimi."

Bi Staha alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mzee aliyechoka na njia. "Haiwezekani, Bibi. Kipimo hakikosei. Mmeingia watatu."

Akaandika watatu. Kwa amri ya kitabu, Bibi Nakijwa akaletewa sahani tatu za wali na maharage, mito mitatu ya kulalia, na mchukuzi aliyesimama muda mrefu akisubiri wale wengine wawili wamalize kuvaa viatu. Bibi si mtu wa kuacha chakula kiharibike. Alikula sahani yake, zile mbili akawapa wafagiaji wa lango, akaingia mjini na mito mitatu kichwani.

Mji wa Bainia ni msafi na watu wake wana adabu, lakini sheria zao zilimfanya Bibi asimame kila hatua chache. Mtu wa Ngoma haruhusiwi kunyamaza zaidi ya muda wa kumeza tonge, kwa hiyo misibani watu wa Ngoma huteseka sana, maskini, wakitafuta la kusema. Mtu wa Mtungi husema akiulizwa tu, na jibu lisizidi maneno matano. Mtu wa Jembe haruhusiwi kulia. Sokoni Bibi alikutana na baba mmoja wa Jembe, machozi yakimtiririka, ameinua kitunguu juu ya kichwa chake ili askari wakione. Na mtu wa Mkeka haruhusiwi kukataa jambo lolote aombwalo.

Hilo la mwisho Bibi alilielewa alipofika kwa mwanawe. Mbonea alifungua mlango akiwa na mtoto mchanga mkono huu, mtoto mwingine mkono ule, na ngazi ndefu imelala begani. Nyuma yake ukumbini kulikuwa na mbuzi wawili, baiskeli nne, na mzee asiyejulikana amelala kitini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawa watoto ni wa nani?"

"Sijui, Mama. Niliombwa niwashike."

"Na ngazi?"

"Hiyo ni ya juzi."

Siael alikuwa ameketi pembeni, karibu na ukuta, na utepe wa bluu begani. Alimwamkia bibi yake, akambusu mkono, akarudi pale pale akanyamaza. Bibi alimuuliza habari za huku. Nzuri. Habari za shule. Nzuri. Akamwambia mbuzi amekula kofia ya mchungaji siku ya harusi. Kicheko kilimpanda Siael mpaka kooni, akakifunika kwa kiganja, akakimeza. Bibi Nakijwa alikuwa amewahi kuona mtoto akimeza dawa kwa namna ile, lakini kicheko hakuwahi.

Mbonea ndiye aliyeeleza. Kila kijana wa Bainia hupimwa mara moja tu, asubuhi moja, akifika miaka kumi na minne. Siael alipimwa siku jino lake la nyuma lilipokuwa limevimba kama ndimu. Aliulizwa kama anapenda kuzungumza na watu, naye kwa kuwa mdomo haukufunguka, akatikisa kichwa. Aliulizwa kama anapenda nyimbo, akatikisa kichwa. Maswali yote arobaini hivyo hivyo. Jino liling'olewa kesho yake, lakini utepe ulikuwa umeshafungwa.

"Na Alhamisi wanagawiwa kazi," Mbonea alisema, akimhamisha mtoto bega. "Ngoma ndio wanaofundisha watoto. Mtungi wanapelekwa Ghala la Karatasi. Akiingia huko, Mama, ni huko huko mpaka uzee."

"Nawe ulisema nini?"

"Mpimaji aliniomba nikubali." Akainamisha kichwa. "Ningefanyaje?"

Bibi alivuta kigoda karibu na mjukuu wake. "Siael, mwanangu. Jino halikuumi tena. Nizungumzie."

Siael alitazama dirishani kama kuna askari, akanong'ona. "Bibi, si sheria tu. Nilisoma karatasi yangu ya majibu. Ni mimi kabisa. Labda zamani nilikuwa napiga kelele kwa kutojijua."

Bibi akavaa miwani akaisoma. *Una mengi moyoni usiyomwambia kila mtu. Unapenda watu, ila kuna nyakati unataka kuwa peke yako. Hupendi kulazimishwa. Una uwezo ambao wengine hawajauona.*

Alisoma mara mbili, polepole, kwa kidole. "Huyu ni mimi," alisema. "Huyu ni baba yako. Huyu ni mzee yule aliyelala kitini. Siael, hata mbuzi wangu yumo humu. Hasa hapo pa kulazimishwa."

Kicheko kikamponyoka Siael, kifupi, puani, kisha akakivuta ndani. Bibi Nakijwa akasema kimoyomoyo kwamba kama kimetoka kidogo, basi kipo. Akauliza Baraza la Kipimo linakaa siku gani. Jumatano, Mbonea alisema. Kesho.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na pande nne, kila aina upande wake, na katikati kiti cha Mpimaji Mkuu, Bwana Yakini, mzee mrefu, mnyoofu, mwenye utepe wa kijivu uliopigwa pasi. Ukumbi ulijaa, kwa sababu watu wa Ngoma hawakosi kikao na watu wa Mkeka walikuwa wameombwa waje. Bibi Nakijwa alisimama na kusema anataka mjukuu wake apimwe tena.

"Haina haja, Bibi," Bwana Yakini alisema kwa upole. "Tangu Bainia iwe Bainia, Kipimo hakijakosea hata mara moja."

"Mmejuaje, baba?"

"Hakuna hata kijana mmoja aliyewahi kupata jibu la pili tofauti na la kwanza."

"Na waliowahi kupimwa mara ya pili ni wangapi?"

"Hakuna. Ni marufuku."

Ukumbi mzima uliitikia kwa kichwa, kwa fahari. Bibi Nakijwa akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kutazamana naye. Alimwona Bi Staha tu, kwenye meza ya makarani, ameacha kuandika.

"Ipo ibara ya tisa," Bi Staha alisema taratibu. "Kijana aweza kupimwa upya iwapo wakazi au wageni watatu, wa tepe tatu mbalimbali, wataomba kwa pamoja."

"Ibara hiyo haijawahi kutumika," Bwana Yakini alisema. "Watu wa tepe tatu hawakai benchi moja."

"Wapo," Bi Staha alisema, akafungua kitabu. "Bibi Nakijwa, Ngoma. Bibi Nakijwa, Mtungi. Bibi Nakijwa, Mkeka. Wameingia jana."

Ukumbi ukavuma. Bwana Yakini akavikagua vitabu vitatu kimoja kimoja. Kama hawa ni bibi mmoja, basi Kipimo kimempa mtu mmoja majibu matatu kwa siku moja. Kama ni watatu, ombi limetimia. Akainuka mwenyewe, akabeba viti viwili akaviweka karibu na kile cha Bibi, na kwenye kile chenye mguu mbovu akasogeza kipande cha mbao kisiyumbe.

"Mabibi watatu," akasema, "karibuni mketi."

Watu wakashusha pumzi. Bibi Nakijwa akaketi kiti cha kwanza, akafunga utepe mwekundu, na kwa kuwa sheria ilimtaka aseme, akasema. Alieleza kisa cha fisi na uji uliopoa. Alieleza barua za kurasa nane. Alieleza kuwa karani wao wa Jembe alimpoza mgeni chai, na baba mmoja wa Ngoma hapo mlangoni alikaa kimya mpaka yeye akapata nafasi ya kupita, na Mpimaji Mkuu mwenyewe sasa hivi amesogeza mbao chini ya kiti. "Hayo mema mliyafanya nje ya tepe zenu," alisema, "wala sikuona nyumba ikianguka."

Akahamia kiti cha pili, utepe wa bluu. Bwana Yakini akamuuliza bibi huyu ana lipi.

"Mjukuu wangu aliumwa jino. Mpimeni."

Watu walihesabu kwa vidole. Yalikuwa matano barabara, na upande wa Mtungi ulimpigia makofi ya kimya, viganja bila kugusana.

Akahamia kiti cha tatu, utepe wa kijani. Hapo Bwana Yakini akamwinamia, na sauti yake ikawa laini kama siagi. "Bibi wa tatu, nakuomba uondoe ombi lako."

Kule upande wa Mkeka, Mbonea alifumba macho. Mkeka hakatai. Siael alishika ukingo wa benchi.

Bibi Nakijwa alitafakari. "Siwezi kukukatalia, baba," akasema. "Ila huyu mwenzangu wa Ngoma," akagusa kiti cha kwanza kitupu, "aliniomba mapema nisiliondoe kwa vyovyote. Naye siwezi kumkatalia. Yeye alitangulia."

"Alikuomba lini?"

"Asubuhi, tukivaa viatu."

Makarani wakaingiza vichwa vitabuni, wakatoka. Wa kwanza kuomba ndiye wa kwanza kukubaliwa. Ombi limesimama.

Siael akaitwa katikati. Bibi Nakijwa alikunja mikono mapajani, akisubiri kwa matumaini. Alijua kabisa kitakachosomwa. Siael wake ni Ngoma, sasa watajionea. Lakini mtoto aliogopa umati ule, akajibu kwa kifupi na ukavu kama mwanajeshi, na Bi Staha alipojumlisha, akasoma: "Jembe."

Hakuna aliyetegemea hilo, Bibi hasa. Jembe hupelekwa barabarani kuvunja kokoto. Alihisi aibu ndogo ikimchoma: alikuwa amekuja kukidharau Kipimo, kumbe naye alikuwa anasubiri kimpe jibu analolipenda.

"Tena," akasema. Akasimama na kukaa kiti cha kwanza, akasimama na kukaa cha pili, akasimama na kukaa cha tatu. "Tunaomba tena, sote."

Mara hii Siael alipogeuka alimwona baba yake mwishoni mwa benchi, ngazi begani, mtoto wa watu amelala shingoni kwake, akimtazama na kujaribu kutabasamu. Uso wake ukalainika. Akajibu maswali yote akimtazama baba. Mkeka.

Upande wa vijana ukaanza kucheka. Mmoja alisema na yeye alipimwa akiwa na mafua. Mwingine alisema alipimwa asubuhi ya kuzaliwa mdogo wake, angeitikia hata angeambiwa yeye ni samaki. Binti wa Mtungi akasimama akasema kwa sauti, maneno yakipita matano, kisha kumi, akiwa ameshika midomo yake kwa mshangao.

Bwana Yakini aligonga meza. "Basi imekuwa wazi," alisema. "Wako Siael watatu. Siael wa Mtungi aende ghalani. Wa Jembe aende barabarani. Wa Mkeka akae nyumbani, apokee mizigo. Miongoni mwao hakuna wa kufundisha watoto."

Ukumbi ulinyamaza, hata upande wa Ngoma. Bibi Nakijwa alitazama viti vyake vitatu, hakuona cha kufanya navyo.

"Na wa nne?" Siael akauliza.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Wa nne yupi?" alisema Bwana Yakini.

"Yule mtakayempata mkinipima kesho. Na wa kesho kutwa, na wa mwaka ujao. Hao hamjawapa kazi." Akaendelea, na kadiri alivyoendelea maneno yalikuja yakisukumana kama zamani. "Hao ndio wengi, Bwana Mpimaji. Mimi nawasikia humu ndani, wanapigana viwiko. Hata mimi siwajui bado. Niruhusuni niende nao kwa watoto kabla hamjawapima. Watoto hawatagundua, wao wenyewe hawajapimwa."

Bi Staha alikuwa ameshafunua kitabu cha sheria mpaka ukurasa wa mwisho. "Hakuna ibara inayomkataza mtu ambaye hajapimwa kufanya kazi yoyote," alisema. "Nadhani walioandika hawakufikiri kuna mtu wa aina hiyo." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa na kitunguu.

Bwana Yakini alimwona. Askari walimwona pia, wakamtazama Mpimaji Mkuu wajue la kufanya. Yeye akaketi. Aliketi si kwenye kiti chake bali kwenye kile cha pili, kando ya Bibi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na miguu yake.

"Siku niliyopimwa," akamwambia Bibi kwa sauti ya chini, "mama yangu alikuwa ameondoka alfajiri. Waliniuliza kama nahitaji watu. Nikasema hapana."

"Ungesema nini, mwanangu," Bibi Nakijwa alisema, akampapasa mgongo pale utepe ulipoanzia. "Ulikuwa mtoto."

Bwana Yakini akamwelekea Bi Staha. "Andika," alisema. "Wa nne aende."

Wiki ile vijana wa Bainia walipanga foleni ya kupimwa upya kuanzia ukumbini mpaka sokoni, na vitabu vikajaa. Mji uliokuwa na watu elfu nne ukahesabiwa kuwa na elfu tisa, wote wakidai wali. Mbonea alimrudishia mwenye ngazi ngazi yake. Bado alikuwa na utepe, ila alisema angependa kujaribu neno "hapana" taratibu, akianza na mbuzi.

Bibi Nakijwa hakuyasubiri yote hayo. Asubuhi ya Alhamisi alimsindikiza Siael hadi shule ya watoto wadogo, akasimama nje ya dirisha ambalo Mbonea mwenyewe alilitengeneza. Siael aliingia bila utepe wowote. Watoto kumi na wawili wakamtazama begani, wakatazama bega la pili, wakatazamana.

Mmoja wao, binti mwenye nywele zilizosukwa nusu, akamsogelea. Huko Bainia swali hili lina maana moja tu.

"Dada, wewe ni nani?"

Siael akafungua mdomo. Bibi Nakijwa, kule dirishani, alijizuia asimjibie.

"Sijui bado," Siael akasema. "Wewe je?"

Mtoto alifikiri kwa bidii, kidole shavuni. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mimi nina njaa."

"Haya," Siael akasema, akamshika mkono, "tuanzie hapo." Wakatoka wote kumi na watatu kutafuta uji ulipo.